Skafu ya Mama Vumi

Haya, wahudumu wenzangu, wasukuma machela wa zamu zote, mlioko wodini na mlioko kantini mnajifanya mko wodini, hebu tulieni kidogo. Mlisema Mzee Treni amestaafu, basi atuambie ya kazini tuweke kwenye grupu. Mimi na kalamu hatujawahi kupatana. Niliishia darasa la tatu, na hilo la tatu lenyewe nililisomea dirishani. Kwa hiyo naongea, simu inaandika, na makosa ya simu msinihesabie.

Vyeo sitaongelea kwa sababu sikupata. Niliingia msukuma machela, nimetoka msukuma machela. Ila ungechukua korido zote nilizosukuma ukazinyoosha, ningekuwa nimefika Lusaka, nimekunywa chai, nimerudi.

Siku ya kwanza nilifika hospitali hapa Mbeya nimevaa koti la marehemu baba. Ilikuwa Juni. Baridi ya Juni mnaijua, lakini ile ya mwaka ule hamuijui. Ulikuwa ukimsalimia mtu asubuhi, salamu inamfikia mchana. Nikapokelewa na Mzee Chengula, Mbena wa Njombe, mfupi, mabega kama mlango. Akaniangalia kutoka viatu mpaka kofia.

"Umewahi kusukuma nini?"

"Mkokoteni wa ndizi, mzee. Kule kwetu Tukuyu."

"Ndizi zikianguka?"

"Naokota."

"Huku hatuokoti," akasema, akanikabidhi machela.

Machela yenyewe tairi moja la mbele lilikuwa linalia. Sauti yake ilikuwa inafika Chunya, watu wa kule walikuwa wanaijua zamu yangu. Nikataka kutia mafuta, Mzee Chengula akakataa. Alisema mgonjwa akisikia inakuja anapata muda wa kujiandaa, na muuguzi aliyesinzia anapata muda wa kuamka. Ndo hapo nikapata jina la Treni.

Alinifundisha mambo machache, na nitawapa yote. Mgonjwa anatangulia miguu. Akitangulia miguu anaona anakokwenda. Akitangulia kichwa anakuona wewe, na uso wako haujawahi kumponya mtu. Blanketi unaanza na miguu, siyo kifua, kwa sababu mtu wa nyanda za juu akipoa miguu hata dawa haziingii. Halafu akaniambia hili, nalo lishikeni: "Daktari anaangalia panapouma. Wewe unambeba mtu mzima, basi angalia mtu mzima."

La mwisho lilikuwa la raundi. Madaktari wakipita asubuhi na wanafunzi wao, mhudumu ni ukuta. Ukuta hauongei. Mimi nimekuwa ukuta miaka mingi, tena ukuta mzuri. Kuna mwanafunzi wa udaktari aliniegemea raundi nzima, alipoondoka akanipangusa vumbi.

Kesi ngumu nimebeba nyingi. Nilimbeba baba mmoja wa Mgololo, fundi wa kiwanda cha karatasi, mkubwa kiasi kwamba machela ilimwomba radhi. Tulikuwa wahudumu sita na mchungaji aliyekuja kuombea mtu mwingine. Yule alipona, akatuletea viazi gunia, tukashindwa kulibeba.

Lakini kesi ninayoulizwa kila siku ni ya Mama Vumi, na mnaisimulia vibaya. Kuna anayesema nilimfanyia upasuaji mimi. Sikumfanyia. Basi sikilizeni ilivyokuwa.

Ilikuwa miaka michache kabla sijastaafu. Akaletwa mama mmoja Mhehe kutoka Idodi, ile njia ya kwenda mbugani Ruaha. Mkulima wa mahindi yanayogombaniwa na tembo wa mbuga, mtu wa kanisa, mwembamba, macho makali. Amekuja na mume wake, Baba Vumi, mzee mrefu mwenye kofia aliyokuwa anaivua kwa kila mtu, mpaka kwa msafisha choo. Vumi ni binti yao, alibaki nyumbani na mtoto mchanga.

Tatizo lilikuwa kichwa. Mama alianza kwa kuumwa kichwa, halafu mkono wa kulia ukawa unaangusha vitu, halafu siku moja akaanguka kanisani katikati ya wimbo, anatingishika, povu mdomoni. Kwaya ikamaliza ubeti, ndipo wakamwinua. Wakampeleka hospitali moja, jina naliacha, akapigwa picha ya kichwa, wakaona uvimbe. Wakasema tegu.

Sasa nyie mlioletwa na uhamisho kutoka Pwani niwaeleze. Huku kwetu watu wanafuga nguruwe, na nguruwe ana mdudu anaitwa tegu. Mayai yake ukiyala kwa mboga chafu au mikono isiyonawa, watoto wake wanapanda mpaka kichwani wanajenga. Mtu anaanza kifafa. Tunawaona wengi. Kwa hiyo mtu wa Iringa au Mbeya akianguka kifafa ukubwani, daktari yeyote mwenye akili anafikiria tegu kwanza. Mama Vumi akapewa dawa ya tegu. Akameza mpaka ikaisha. Akazidi. Maneno yakaanza kupungua, anataka kusema kijiko anasema "kile". Ndo wakamleta kwetu.

Kwetu alikuwa chini ya Daktari Mwajuma, binti wa Tanga, mpole, anaongea taratibu kama anakusomea barua ya mjomba. Akasema tupige picha upya, hii siti-skani ya kuchoma dawa mshipani ili uvimbe uonekane vizuri. Kama ni tegu anayekufa, mama atarudi nyumbani na dawa za kifafa, asubiri. Kama siyo, tutajua la kufanya. Akaniita. "Mzee Treni, naomba unipelekee mama huyu kwenye picha."

Nikampeleka. Kule mlangoni fundi wa picha akasema chuma chote kitoke. Hereni zikatoka. Chupio za nywele zikatoka. Ikabaki skafu.

Ile skafu ilikuwa ya sufu, ya kijani, imezungushwa shingoni mara tatu na kufungwa kwa pini tatu kubwa za nepi. Hakuwa ameivua tangu afike. Wauguzi walimwogesha kwa kuizunguka. Na nani angemlaumu, wodi yetu mwezi ule hata chatu angevaa soksi.

"Mama, naomba pini."

"Baridi."

"Dakika tano tu, mama. Nitaishika mimi mwenyewe, iko mikononi mwa serikali."

Akanitazama kama serikali ameshawahi kuiazimisha kitu, haikurudisha. Lakini akainua kidevu, nikafungua pini moja, mbili, tatu. Skafu ikatoka.

Shingo nzima ilikuwa na kovu. Limelala kutoka upande huu mpaka upande ule kama mkufu, la zamani, limeshapauka. Na pembeni, chini ya sikio, kuna kitu kama punje ya harage. Nilimwinua kumweka kwenye meza ya picha, kidole changu kikapita hapo. Hakikuchezacheza. Kigumu.

Nikamuuliza taratibu, "Mama, hapa ulikatwa nini?"

Akatafuta neno muda mrefu. "Rovu."

"Lini?"

"Vumi… anaanza shule."

Vumi sasa ana mtoto. Nikamuuliza kama daktari anajua. Akasema, kwa mapande mapande, lakini nilimwelewa vizuri sana: "Daktari kaniuliza kichwa. Hajaniuliza shingo."

Hapo hakukuwa na kosa la mtu. Ukimuuliza Mhehe swali, anajibu swali. Halafu lile rovu, uvimbe wa shingo, lilikuwa limemsumbua ujana wake wote, watoto wanamcheka kisimani, kwa hiyo lilipotoka, hadithi yake ikafungiwa ndani ya skafu pamoja na kovu. Karatasi za rufaa nazo zilikuwa zimeandika kichwa, kichwa, kichwa.

Sasa mimi ni darasa la tatu. Lakini nimesukuma watu wa upasuaji miaka na miaka, na najua nyama ikikatwa inakwenda maabara. Nikamuuliza, "Na ile nyama, majibu yalisemaje?"

"Baba Vumi alisema… mazuri."

Picha ikapigwa, nikamrudisha. Raundi ndo inaanza. Na mimi ni ukuta. Mnajua ilivyo, madaktari wanane mbele, wanafunzi kumi na tano nyuma, kwa hesabu yangu walikuwa mia moja, na wewe unanyoosha kidole useme nimeona kovu. Hata Mzee Chengula angefukuza jina langu mdomoni mwake.

Kwa hiyo sikusema kitu. Nilichelewa tu kurudisha skafu.

Nikaikunja, nikaitia mfuko wa koti, nikasimama pembeni ya kitanda kama ukuta. Mama Vumi akanitazama. Mimi natazama dari. Daktari Mwajuma akafika, akaanza kueleza wanafunzi habari za kichwa. Mama akanyoosha mkono wa kushoto, ule mzima, akanielekeza mimi mbele ya watu wote.

"Huyu… mwizi."

Raundi ikasimama. Daktari akageuka. "Mzee Treni, kuna nini?"

"Skafu yake, daktari."

"Iko wapi?"

"Mfukoni kwangu."

"Kwa nini iko mfukoni kwako?"

"Baridi, daktari."

Wanafunzi wakacheka. Daktari hakucheka, kwa sababu alikuwa ameshaona shingo. Akainama. Akapitisha vidole pole pole, akafika kwenye ile punje ya harage, akabaki hapo. Mimi nikahesabu matone ya dripu ya kitanda cha nane.

"Mama, ulifanyiwa upasuaji wa rovu?"

"Ndiyo."

"Mbona hukuniambia?"

Na mama akamjibu lile lile. Daktari akaniangalia, akaniambia nirudishe skafu ya watu. Nikarudisha, na pini tatu.

Mchana picha ikatoka. Daktari akasema kinavyoonekana hiki siyo tegu. Akamwita Baba Vumi kwenye chumba kidogo cha wauguzi. Mimi nilikuwemo kwa sababu nilikuwa narekebisha tairi la machela, na tairi lile lilichukua muda mrefu kuliko kawaida.

"Baba, ile nyama iliyotolewa shingoni ilipimwa?"

Baba Vumi akavua kofia. "Ilipimwa, mama."

"Wapi?"

"Huku Mbeya."

"Karatasi ya majibu unayo?"

"Iliungua."

"Iliungua vipi?"

Akafikiri. "Yenyewe."

Daktari Mwajuma hakugomba. Akapiga simu kule alikokatwa rovu, wakafungua madaftari yao ya zamani, wakakuta imeandikwa: nyama imewekwa kwenye kopo lenye dawa, amekabidhiwa mume aipeleke Mbeya kupimwa. Enzi zile ndugu wa mgonjwa ndo alikuwa gari. Daktari akaenda mwenyewe maabara yetu, akafungua daftari la mwaka ule. Jina halipo. Akarudi, akakaa chini kabisa, macho sawa na ya yule mzee.

"Baba yangu, sikutafutii kosa. Nataka kumtibu mama. Ile nyama uliifanya nini?"

Mzee akazungusha kofia. Halafu akatoa yote, na mimi nawapa kama alivyosema, siongezi hata chumvi, na mnajua kwangu hiyo ni kazi.

Alisema alifika stendi ya Iringa na kopo lake limefungwa kwenye kitenge. Kondakta akamuuliza, hiyo asali? Akasema siyo. Kondakta akasema basi weka huko chini na kuku. Baba Vumi akasimama pale stendi akafikiri. Hii ni nyama ya mke wangu. Imebatizwa. Imeolewa. Imeimba kwaya. Leo niiweke na kuku, halafu huko Mbeya mtu nisiyemjua aikatekate, akimaliza aitupe. Basi la Mbeya likaondoka. Yeye akapanda la Idodi.

"Ukaipeleka nyumbani," daktari akasema.

"Ndiyo."

"Halafu?"

"Nikaizika."

Akaendelea mwenyewe. "Nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Nilimwita mwinjilisti. Hakutaka kufanya ibada nzima kwa sababu mwenyewe alikuwa hai, anapika. Tukasoma sala fupi. Mke wangu alipouliza majibu, nilimwona anapumua vizuri, anakula vizuri. Nikasema mazuri."

Muuguzi mmoja akauliza kama inaweza kufukuliwa. Daktari akasema miaka imepita, haitasaidia, na imeshaombewa.

Halafu akamweleza mzee, na mimi nikaelewa kwa mara ya kwanza. Alisema rovu nyingi ni uvimbe tu, lakini chache zina kansa ndani. Kansa ya tezi ya shingo mara nyingi ni ya taratibu, inakaa pale pale shingoni miaka, na ikitibiwa mapema watu wengi wanapona. Ikisafiri, inakwenda mapafu au mifupa. Kupanda kichwani ni nadra sana. Yeye alikuwa ameisoma kwenye vitabu tu, hajawahi kuiona kwa macho. Alisema yule mtu wa maabara angeikuta zamani kama ilikuwepo. Alilisema bila ukali, na hilo ndo lilimkalisha Baba Vumi chini kwenye sakafu.

"Sasa nimemuua?"

"Bado yuko kitanda cha sita," daktari akasema. "Uvimbe uko mmoja, na uko mahali panapofikika. Tutautoa. Anaweza asiamke, anaweza akaamka bila maneno, anaweza akaamka vizuri. Siwezi kukudanganya." Halafu akamwambia kitu kimoja tu: mke wake lazima ajue anachotibiwa na kimetoka wapi, na ni vizuri alisikie kwake.

Mzee akasema atamwambia. Siku ya kwanza hakumwambia. Siku ya pili akamwambia habari za ng'ombe wa jirani. Siku ya tatu ilikuwa ya upasuaji.

Nilimsukuma mimi. Kichwa kimenyolewa, skafu nimeachiwa mimi tena, safari hii kwa idhini. Baba Vumi anatembea pembeni ameshika chuma cha machela. Kutoka wodi ile mpaka chumba cha upasuaji ni hatua mia na themanini, nimezihesabu maisha yangu yote. Hatua ya arobaini akaanza.

"Mama Vumi. Ile nyama sikuipeleka."

Tairi linalia. Mimi natazama mbele.

"Niliizika kwenye migomba. Majibu hayakuwepo. Nilikudanganya."

Mama anatazama dari. Taa zinapita juu yake moja moja. Nikapunguza mwendo, hatua mia na themanini nikazifanya mia tatu. Mzee akarudia yote tokea mwanzo, kondakta, kuku, mwinjilisti. Mama hakusema neno, hata "kile" hakusema. Tukafika, mlango ukafunguliwa, nikamkabidhi, mlango ukafungwa.

"Amenisikia?" mzee akaniuliza.

"Masikio hayakuwa na shida, mzee."

Nikajua nimesema vibaya. Nikamletea chai. Hakuinywa. Nikainywa mimi, kikombe cha serikali hakirudi kimejaa.

Masaa yalikuwa mengi. Mimi nitasema wiki mbili, daftari linasema masaa sita. Walipomaliza, daktari wa upasuaji akanipa kopo. "Maabara, Mzee Treni." Nikalibeba kwa mikono miwili. Nyuma yangu, hatua kumi, naona kofia. Nikisimama, inasimama. Baba Vumi alinifuata mpaka dirisha la maabara, akaangalia kopo likiandikwa kwenye daftari, akamwomba yule binti amsomee alichoandika, mara mbili.

Majibu yalikuja baadaye, ila nawaambia hapa hapa nisije nikawakatisha. Ilikuwa tezi ya shingoni, imekaa kichwani. Daktari Mwajuma aliwaita wanafunzi wote wakaangalia kwenye darubini, na mimi nikapewa zamu. Niliona madoadoa ya pinki. Nikasema naona. Shingo nayo ikasafishwa, halafu akapelekwa Dar akanyweshwa madini joto yenye mionzi, yale yanayotafuta tezi popote ilipojificha na kuiunguza. Alifungiwa chumba peke yake, hakuna kumsogelea, mume anaongea naye kwa simu akiwa upande wa pili wa ukuta. Mpaka leo anameza kidonge chake kila asubuhi.

Lakini hayo yote siku zile hatukuyajua. Siku zile tulijua tu kwamba alifumbua macho siku ya pili na hakuongea. Anakunywa uji, mkono wa kulia unasogea, anafuata mtu kwa macho. Maneno hakuna. Daktari anakuja kila asubuhi anauliza, "Mama, unaitwa nani?" Kimya. "Uko wapi?" Kimya. Siku ya tatu, kimya. Siku ya nne, kimya.

Na Baba Vumi alikuwa ameshajihukumu. Aliniambia kwenye korido, "Mzee Treni, maneno anayo. Mimi ndo hataki kuniambia." Nikamwambia kichwa kikifunguliwa kinataka muda. Akasema, "Nimeishi naye miaka thelathini. Kimya cha kuumwa nakijua, na kimya changu nakijua." Aliacha kukaa kwenye kiti. Akawa anasimama miguuni pa kitanda, kofia mkononi, kama mtu aliyekuja kuomba kazi.

Siku ya tano raundi ikafika. Mimi ni ukuta, nimeshika blanketi. Daktari Mwajuma akainama.

"Mama, unaitwa nani?"

Midomo ikasogea. Tukasubiri. "Mama Vumi."

Nasema kweli, hata dripu zilisimama.

"Vizuri sana. Uko wapi hapa?"

"Hospitali. Mbeya. Baridi."

"Na huyu hapa ni nani?"

Akamgeukia mume wake. Akamtazama muda mrefu, kuanzia miguu mpaka kofia mpaka uso. Mzee alikuwa ameshika chuma cha kitanda, kitanda kinagonga ukuta. Alikuwa amefumba macho. Mama Vumi akakunja uso, akavuta pumzi, na sentensi yake ya kwanza ndefu ikatoka nzima, haikupungua hata neno:

"Huyu mume wangu. Sasa kama na yeye yuko hapa, tembo kwenye mahindi yetu nani anawafukuza?"